Mpini Mpya katika Kisu cha Kale

Miongoni mwa vitu vinavyouzwa katika magulio ya vitu vikuukuu ya Uingereza, visu vya kale vya Sheffield havikosekani. Aghalabu hulala sandukuni pamoja na vijiko visivyo na wenzi na funguo zisizo na makufuli. Kimoja huwa hivi: bapa lake ni refu, la chuma kilichogeuka kijivu kwa ukale, makali yamepungua kwa kunolewa miaka mingi lakini hayakupotea, chapa ya kiwanda yasomeka bado karibu na shingo, lakini mpini umekufa. Mti umepasuka kwa urefu wake, ribiti moja imetoka, nyingine yacheza, na unyevu ulioingia katika ufa umezaa kutu juu ya msuka. Kisu cha namna hii si cha kukunjwa. Bapa na msuka wake ni chuma kimoja, na ule msuka hauna kazi nyingine ila kuushika mpini. Mnunuzi hulipa fedha kidogo, hukichukua nyumbani, hukiweka mezani, na papo hapo huanza kubishana na nafsi yake: aung'oe mpini huu na kutia mwingine, au auache ulivyo?

Swali hili laonekana dogo, tena la ufundi tu. Mtu mwenye tupa, keekee na kipande cha mti mkavu aweza kulimaliza katika muda wa mchana mmoja. Lakini watu wenye akili timamu hugombana juu yake, na ugomvi wao hauhusu ufundi. Wakusanyaji wa vitu vya kale hushikilia kwamba mpini wa asili, ujapokuwa umeoza, una thamani kuliko mpini mzima ulio mgeni, na kwamba mwenye kuung'oa amekiua kisu akidhani amekifufua. Watumiaji hujibu kwamba kisu kisichoshikika si kisu tena; ni kipande cha chuma chenye makali, nacho chaweza kumkata mwenyewe kabla ya kukata nyama. Bei za mnadani huwaunga mkono wale wa kwanza. Vidole huwaunga mkono wale wa pili. Kila upande wasema kwa jina la heshima, mmoja heshima ya kitu kilivyokuwa, na mwingine heshima ya kazi ambayo kitu kiliundiwa.

Wanafalsafa walilitangulia gulio kwa karne nyingi. Plutarch alieleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia nyingine mahali pake, hata wenye hekima wakagawanyika, hawa wakisema ni merikebu ile ile, hawa wakisema siyo. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, alilikaza fundo hilo zaidi: ikiwa mtu amezikusanya mbao zilizotupwa akaunda nazo merikebu kwa mpango ule ule wa kwanza, ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya Theseus? Wafaransa wana mithali juu ya kisu cha Jeannot, ambacho kilibadilishwa bapa na kubadilishwa mpini mara kadha wa kadha, na mwenyewe hakukubali kwamba si kile kile. Naye Mjerumani Lichtenberg, aliyekufa mwaka 1799, alifanya mzaha juu ya kisu kisicho na bapa ambacho pia kilikosa mpini.

Mafumbo haya yana ladha, na wanafunzi hujifunza mengi kwa kuyatafuna. Yana upungufu mmoja tu, nao ni kwamba kisu kilichomo hakikati kitu, na merikebu iliyomo haina abiria. Huuliza kitu ni nini wakati ambapo hakuna mtu anayekitumia.

Mahali ambapo chombo bado chafanya kazi, fumbo huyeyuka. Katika maduka mengi ya Afrika Mashariki jembe huuzwa bila mpini. Mkulima hulinunua chuma kitupu, huenda kukata mti aujuao, huuchonga kwa kimo chake na kwa upana wa kiganja chake, kisha hulitia. Mpini ukivunjika msimu wa tatu, hukata mwingine, wala hakuna jirani atakayemwuliza kama jembe ni lile lile. Lugha yenyewe imekwisha amua: husemwa kwamba jembe limevunjika mpini, na jembe ndilo mwenyewe, mpini ni mali yake. Katika Unyamwezi ya karne ya 19 majembe yalipita mikononi mwa watu kama mahari na kama fedha, na kilichohesabiwa kilikuwa chuma. Mhunzi hakuuza chombo kizima. Aliuza nusu yake, na nusu ya pili ilikuwa fungu la mkono utakaolima.

Hata Sheffield yenyewe, ukichungulia karakana zake za zamani, haikuwa mbali na jambo hili. Mfua chuma alikuwa mtu mmoja, mnoaji mwingine, na mtia mpini wa tatu, na mara nyingi kila mmoja alifanya kazi yake chini ya paa lake. Kwa hiyo anayelia kwamba umoja wa kisu umevunjwa analilia umoja ambao haukuwapo tangu mwanzo. Kisu kilikuwa mapatano ya watu watatu, na mnunuzi akaingia akawa wa nne.

Hata hivyo jembe halimalizi neno. Jembe la dukani halijapita kwa mtu, na kisu kikuukuu kimepita kwa watu. Tena mataifa hayakubaliani hata kidogo juu ya sehemu ipi ya chombo hubeba utu wa waliokishika. Mfano wa Japani na ule wa Yemen wastahili kuwekwa kando kwa kando.

Huko Japani visu vya kale viitwavyo tanto, pamoja na panga ndefu za askari, hutiwa mpini unaovulika. Mti wake ni mwororo, umefunikwa ngozi ya samaki taa na kuzungushiwa uzi wa hariri, nao hushikwa mahali pake na kijiti cha mwanzi. Kijiti kikigongwa kikatoka, mpini huvuka kama kanzu. Bapa lililofuliwa miaka 500 iliyopita limekwisha vaa mipini mingi, na hakuna anayeona vibaya. Lililo haramu kwao ni kuusugua msuka. Hapo, gizani, ndani ya mpini, ndipo mhunzi alipochora jina lake, na rangi ya kutu iliyoganda humo kwa karne nyingi ndiyo shahada ya umri. Mtu akiing'arisha kwa msasa, akidhani anafanya usafi, ameiharibu shahada hiyo, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha. Zamani ilitokea panga ndefu zikafupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, na jina likawa hatarini. Mafundi wengine walikikata kile kipande chenye jina wakakipachika katika msuka mpya. Wengine waliukunja mkia wenye jina wakaulaza upande wa pili, hata leo jina lasomeka juu chini. Yamkini si rahisi kupata mfano bora wa fundi aliyebadilisha kitu kwa lazima ya matumizi, na kwa tendo lile lile akakataa kumnyamazisha aliyemtangulia. Ni kweli pia kwamba majina ya uongo yalichorwa kwa wingi katika misuka hiyo, nayo yenyewe ni dalili ya thamani ya jina. Hakuna anayeghushi kisichotakiwa.

Huko Yemen mambo yamepinduka. Jambia, ambalo Waswahili walilipokea jina na umbo kutoka Arabuni, lina heshima yake katika mpini. Bapa laweza kuwa la kawaida tu, laweza kuchakaa likabadilishwa. Mpini hurithiwa na mtoto kwa baba yake, na huo ndio unaotazamwa na wageni barazani. Iliyotukuka kuliko yote ilikuwa mipini ya pembe ya kifaru, ambayo kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyozidi kung'aa. Miaka ya 1970, wafanyakazi wa Kiyemeni waliporudi kutoka Saudia na fedha ambazo baba zao hawakupata kuziona, wengi walitaka mpini wa daraja hiyo. Vifaru vya Afrika Mashariki ndivyo vilivyolipa. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, ilibakiwa na chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, na biashara ikaendelea kwa siri baada ya hapo.

Je, ni nani aliye sahihi, Mjapani anayesema kisu ni bapa, au Myemeni anayesema kisu ni mpini? Swali likiulizwa hivyo halina jibu, maana wote wawili hawalindi bapa wala mpini. Wanalinda ushahidi. Mmoja auweka katika jina la mhunzi, mwingine katika mwendo wa ukoo. Kumbe mwenye kisu mkononi, kabla ya kuuliza kama kitakuwa kile kile, yampasa aulize kila sehemu yake yashuhudia nini, na ni nani atakayebaki bila shahidi sehemu hiyo ikitupwa.

Na arudi sasa mezani, kwa kile kisu cha Sheffield. Bapa lina chapa. Chapa za wafua visu wa nchi ile zimekuwa zikiandikishwa katika chama chao, Company of Cutlers in Hallamshire, tangu mwaka 1624. Kwa hiyo mwenye kiwanda ametunzwa na chuma, ametunzwa na daftari, tena ametunzwa na vitabu vya wakusanyaji. Lakini mwuza nyama, au mpishi, au mtumishi wa jikoni aliyekishika kila siku kwa miaka thelathini, hakuandika jina lake popote. Aliandika kwa kiganja. Pale mti ulipobonyea ndipo dole gumba lake lilipokaa. Upande uliochakaa zaidi waonyesha kama alitumia mkono wa kulia au wa kushoto. Weusi ulioingia katika nyuzi za mti ni mafuta ya nyama na jasho lake. Hana maandishi mengine duniani, huenda hana hata kaburi lenye jiwe. Na mnunuzi anayeung'oa mpini na kuutia motoni ameiteketeza barua ya pekee ya mtu asiyejua kuandika. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kuuacha mpini wa kale, na ni ajabu kwamba wakusanyaji huitaja kwa nadra. Wao hupenda kuzungumza bei.

Hoja hiyo yataka kujibiwa kwa haki, si kwa kupuuzwa. Lau yule mwuza nyama angefufuka akaoneshwa kisu chake kimewekwa ndani ya kabati la kioo na mpini wake uliopasuka, bila shaka angeshangaa. Angeuliza kwa nini watu hawa hawakutia mpini mwingine. Yeye mwenyewe angefanya hivyo siku ya kwanza ulipoanza kucheza, maana kisu chenye mpini unaocheza humgeuka mwenyewe. Tena yeye ndiye aliyekibadilisha kuliko mtu yeyote: kila asubuhi alikipitisha kwenye kinoo, na kila asubuhi akaondoa chembe ya kazi ya mfua chuma, hata bapa likawa jembamba nusu ya lilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyemwita mharibifu. Uaminifu wake kwa kisu ulikuwa ni kule kukitumia na kukinoa, na ikiwa ndivyo, mtu anayekirudisha kazini yu karibu naye kuliko yule anayekilaza kabatini.

Zaidi ya hayo, kuuacha mpini mbovu si kutotenda. Mti uliopasuka hunywa maji na kuyashika. Maji huzaa kutu. Kutu hula msuka kutoka ndani, mahali macho yasipofika. Anayeuacha kwa heshima ya mpini amechagua bila kusema kwamba chuma kife polepole. Shahidi mmoja anamla mwenzake. Yako mazingira, hasa kwa kisu kinachotumika au kitakachotumika, ambayo humpa mtu ruhusa ya kuubadilisha mpini, na zaidi ya ruhusa humpa wajibu. Bali kisu adimu, ambacho mtu maalumu alikishika katika tukio lililoandikwa, ni jambo jingine. Hicho kikaushwe, kitunzwe, kisiguswe. Visu vya sanduku la gulioni si vya namna hiyo, na ni majivuno kujidai kwamba ndivyo.

Lakini kuna mipini ambayo ushahidi wake ni mzito kuliko jasho la mtumiaji. Sheffield ya karne ya 19 ilitia pembe ya ndovu katika visu vyake vya fahari, vya mezani na vya kuwindia. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilijulikana kwa ghala lake la pembe. Nyingi za pembe zilizofika Ulaya zama zile zilipita Unguja, na kabla ya Unguja zilipita Bagamoyo, na kabla ya Bagamoyo zilipita mabegani mwa wapagazi kutoka Tabora na Ujiji. Mtu anayekishika kisu cha namna hiyo ameshika mwisho wa safari hiyo yote. Mwaka 2018 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pembe za ndovu, ikaanza kutumika Juni 2022. Imekataza kuziuza na kuzinunua isipokuwa kwa misamaha michache. Mmojawapo wahusu vitu vya kabla ya Machi 1947 ambavyo pembe iliyomo haifiki asilimia 10 ya ujazo wa kitu chote. Mpini mzima wa pembe juu ya kisu aghalabu huvuka kipimo hicho. Basi ametokea mtu wa aina mpya: yule anayeing'oa pembe ili bapa lipate kuuzika, akatia mti mahali pake.

Sheria hiyo ni njema. Soko lenye kupokea pembe ya kale hufungua mlango kwa pembe ya jana iliyopakwa rangi ya ukale. Lakini isidhaniwe kwamba kuing'oa pembe ni kukitakasa kisu. Tembo hafufuki, mpagazi halipwi zaidi. Kilichotokea ni kwamba bapa limeondokewa na shahidi aliyelishtaki, na sasa laweza kuketi mezani kama kisu chochote kisicho na habari. Mwenye kufanya hivyo hakukosa kwa kuibadilisha pembe. Atakuwa amekosa ikiwa amenyamaza. Tena yafaa kukumbuka kwamba mti wa badala nao una asili yake. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji hupendwa na watia mipini kwa weusi wake na ugumu wake, nao pamoja na jamaa zake wengi umewekwa tangu Januari 2017 katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa yasimamiwa kwa mkataba. Mtu aweza kuondoa deni moja akatia jingine kwa ribiti zile zile.

Kama mnyamavu ndiye mkosaji, basi maadili ya kazi hii yamo katika namna ya kuifanya, na hapo fundi na mwanafalsafa hukaa benchi moja. Ribiti za kale zitobolewe kwa subira, zisipigwe nyundo hata msuka ukapinda. Kutu inayokula iondolewe, ile iliyoganda iachwe. Bapa lisipate moto: ugumu wa makali, ambao wahunzi huuita matiko, hupotea chuma kikipashwa kupita kiasi, na rangi ya buluu ikitokea makalini, kazi ya mfua chuma wa kwanza imekwisha bila kuguswa na tupa. Mti uwe mkavu kweli kweli, la sivyo utasinyaa na kufungua ufa ule ule uliomwua mwenzake. Mashimo ya zamani ya msuka yatumike. Asitoboe mapya kwa uvivu wa kupima. Haya yote ni masharti ya ufundi, lakini kila moja lina mtu ndani yake. Anayetoboa tundu jipya humharibia yule aliyetoboa la kwanza. Anayetia mti mbichi humkata vidole yule atakayekuja.

Kisha kuna majaribu ya mwisho. Mpini mpya hung'aa, na ung'avu wake humkera mwenye kupenda ukale. Wako wanaoupaka chai kavu iliyochemshwa, au siki iliyolala na misumari, hata mti wa juzi ukawa na sura ya miaka mia. Akikifanya hivyo kisu cha jikoni mwake, amejifurahisha. Akikiweka sokoni bila kusema, amemwandikia mwuza nyama barua ambayo mwuza nyama hakuiandika, akaitia sahihi ya kiganja kisichokuwapo. Ndiyo ile kazi ya wale waliochora majina ya uongo katika misuka ya Japani, isipokuwa wao waliiba jina la mtu mashuhuri, na huyu ameiba jasho la mtu asiyejulikana, ambaye hana mzao wala chama cha kumdai.

Mpini uliotolewa hauna haja ya kuchomwa. Vipande viwili vya mti na ribiti tatu zilizopinda huenea katika mfuko mdogo wa kitambaa. Mwenye kisu aweza kuuandika mwaka alioutoa, aina ya mti mpya, na mahali kisu kiliponunuliwa, akaufunga pamoja na ala. Atakapokiuza au kukiacha kwa warithi, mfuko utakwenda nacho. Huenda mrithi akaufungua akautazama ule mti uliobonyea, akaweka dole gumba lake pale lilipokuwa la mwingine, akaona kwamba halilingani. Huenda akautupa siku ile ile pamoja na takataka za jikoni. Kisu kitaendelea kukata.